Kitabu cha Bwana Shauri na Kumbukumbu za Mashine: Tafakuri kutoka Nyamuswa

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikifanya kazi na mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili, mzaliwa wa Nyamuswa, katika kupanga orodha ya nyaraka zinazohusu historia ya Mara Kusini. Kazi yenyewe ni ya kuchosha. Kuna mamia ya kurasa zilizopigwa picha, majina ya vijiji yaliyoandikwa kwa tahajia tatu au nne, tarehe zisizo na mwaka na mihuri iliyofifia. Enzi zetu tungenunua kadi na kabati la mbao. Kijana huyu alikuja na msaidizi wa akili mnemba, yaani ile programu ambayo kazi yake ni kuandika programu nyingine, akamwagiza atutengenezee mfumo mdogo wa kuhifadhi na kutafuta nyaraka hizo. Mimi niliyekulia katika kalamu na masijala nikakaa pembeni nikitazama.

Lililonishangaza tangu siku ya kwanza ni kwamba msaidizi huyu hana kumbukumbu. Mkimaliza kazi jioni, asubuhi anakuja kama mgeni. Hajui jina la mradi, hajui mlichokubaliana jana, hajui kosa alilolifanya na kuliombea radhi. Ili kuziba pengo hilo, waundaji wa zana hizi wameweka utaratibu wa mafaili ya kumbukumbu. Ni maandishi ya kawaida kabisa, yasiyo na siri yoyote, yanayokaa pamoja na mafaili mengine ya kazi. Kila kikao kinapoanza, msaidizi huyasoma kwanza. Akijifunza jambo jipya huliandika humo, au mwenye kazi humwandikia. Tarehe ianze na siku, si mwezi. Picha za asili zisifutwe kamwe. Jina la mahali libaki kama lilivyo kwenye waraka. Kilichoandikwa humo, kwake ni kweli, kisichoandikwa hakikutokea.

Katika mwezi wa tatu tuligundua kwamba nyaraka zote zinazotaja Nyamuswa zilikuwa zimepangwa chini ya Wilaya ya Musoma. Tukasahihisha. Kesho yake nyingine zikarudi kulekule. Tukasahihisha tena, na siku ya tatu kosa likawa limerudi kama mbuzi aliyezoea shamba la jirani. Ndipo mwanafunzi wangu alipolifungua lile faili la kumbukumbu na kulisoma mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifanya tangu lianzishwe. Lilikuwa limefikia mistari zaidi ya mia nne. Katikati yake kulikuwa na mstari usemao kwamba Nyamuswa iko Wilaya ya Musoma. Chini zaidi kulikuwa na masahihisho yetu wenyewe, kwamba Nyamuswa iko Wilaya ya Bunda. Yote mawili yalisimama pale kwa heshima ileile, bila tarehe, bila kusema nani alisema na kwa kutegemea nini. Mashine ilikuwa ikichukua huu leo na ule kesho.

Mstari wa kwanza haukuwa uongo. Ulitolewa katika waraka wa wakati wa Waingereza, na wakati huo Ikizu yote ilikuwa ndani ya Wilaya ya Musoma. Wilaya ile kubwa imegawanywa mara kadhaa tangu hapo. Butiama yenyewe imekuwa wilaya miaka ya karibuni tu. Ukweli wa mwaka ule ulikuwa umevuliwa mwaka wake, ukabaki ukweli mtupu.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuliona faili hili kabla. Sikuliona kwenye kompyuta. Nililiona Upanga, Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, nikiwa bado mtafiti kijana, na jina lake lilikuwa Kitabu cha Wilaya ya Musoma.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka jina la Bwana Shauri. Ndiye aliyekuwa serikali: hakimu, mkusanya kodi, mpimaji wa barabara, msuluhishi wa mipaka. Tunapoisimulia habari yake tunapenda kumchora kama mtu aliyejua kila kitu. Nyaraka zinatuonesha mtu wa namna nyingine. Alikuwa kijana aliyeshuka melini, akapangiwa wilaya asiyoijua, akaanza kujifunza majina ya watemi, na mara nyingi kabla hajayazoea akahamishwa au akaenda likizo ndefu Uingereza. Aliyekuja baada yake alianza upya. Serikali ya kikoloni ilikuwa na nguvu za bunduki na kodi, lakini kwa habari ya kukumbuka ilikuwa kama msaidizi wetu: kila asubuhi mgeni.

Dawa yake ilikuwa kitabu. Kila wilaya ya Tanganyika ilitakiwa kuwa na Kitabu cha Wilaya, kikubwa, kilichogawanywa kwa mada: historia ya makabila, mila na sheria zao, nasaba za watawala, mazao, barabara, majina ya maafisa waliopita. Afisa aliyekuwa akiondoka aliacha pia hati ya makabidhiano. Mgeni alifika bomani, akakalia kiti ambacho bado kilikuwa na joto la mwenzake, akafungua kitabu na kusoma watu aliokuja kuwatawala ni akina nani. Kisha akatoka nje akawaona. Huo mfuatano wa kusoma kwanza na kuona baadaye ndio chanzo cha mambo mengi.

Lazima niseme kwa haki kwamba kitabu kile ni hazina. Sisi wanahistoria tungekuwa maskini bila hicho, na baadhi ya walioandika humo walikuwa wadadisi wa kweli. Afisa mmoja wa Musoma wa miaka ya 1920, E. C. Baker, alivutiwa na mfumo wa marika wa watu wa wilaya ile kiasi cha kuchapisha makala juu yake katika jarida la Man la London mwaka 1927. Huyu hakuwa kipofu. Aliona kwamba katika nchi hii watu walipangwa kwa rika na kizazi, na kwamba mamlaka yalitembea kutoka kizazi hadi kizazi.

Sasa tazama kilichotokea wakati huohuo. Gavana Donald Cameron alikuwa amefika mwaka 1925, na mwaka uliofuata ikatoka Sheria ya Mamlaka za Wenyeji. Falsafa yake ilikuwa kwamba Mwafrika atawaliwe kupitia watawala wake wa asili. Inasikika kama heshima. Lakini ili utawale kupitia mtawala wa asili, lazima kwanza ujue ni nani, na jibu lilitafutwa kitabuni. Sehemu ya kitabu iliyohusu watemi na nasaba zao ikapata uzito ambao sehemu ya marika haikuupata, kwa sababu mtemi mmoja anaweza kulipwa mshahara, kupewa kitabu cha kodi na kukaa kwenye baraza la mahakama. Rika haliwezi. Maarifa juu ya rika yakaenda London kusomwa na wanazuoni. Maarifa juu ya mtemi yakabaki bomani yakawa serikali. Mstari unaoweza kutekelezwa huushinda mstari ulio kweli zaidi, na hilo nimeliona pia katika faili la mashine yetu, ambamo maagizo mafupi yenye amri yalikuwa yamejaa na maelezo ya kwa nini yalikuwa yametoweka.

Tuje Nyamuswa kwenyewe. Mapokeo ya Waikizu yana milango miwili ya kuingilia. Mlango mmoja ni wa Muriho, aliyewaondoa waliotangulia na kuifanya nchi ikalike. Mlima Chamuriho umebeba jina lake hadi leo. Mlango wa pili ni wa Nyakinywa, mwanamke mwenye mvua, aliyetoka Kanadi upande wa Usukumani, akakutana na mwindaji Isamongo mwenye moto. Kutoka kwa Nyakinywa unaanza utemi wa Ikizu, na kwa mujibu wa mapokeo hayo, waliomfuata mwanzoni walikuwa wanawake kama yeye. Utemi ule ulikuwa wa mvua. Mtemi aliheshimiwa kwa sababu ya mvua yake, huku mambo mengine ya nchi yakiwa mikononi mwa wengine: koo, marika, waganga.

Msimulizi akianza na Muriho, nchi inakuwa na wenyewe kabla ya utemi. Akianza na Nyakinywa, utemi ndio mwanzo wa mambo. Wazee wanaojua kazi yao hueleza yote mawili, tena mbele ya watu wa koo zote, na anayechapia hukatishwa palepale. Bwana Shauri alikuwa na ukurasa mmoja. Alihitaji mwanzo mmoja, nasaba moja iliyonyooka, na jina moja mwishoni mwake. Chini ya Waingereza utemi wa Ikizu ulishikwa kwa muda mrefu na Makongoro Matutu, Nyamuswa ikiwa makao yake, na mtemi aliyekuwa mwenye mvua akawa mkusanya kodi na mwenyekiti wa mahakama. Simsemi Makongoro kwa ubaya. Nasema tu kwamba kiti alichokalia kilikuwa na miguu zaidi ya kile cha Nyakinywa, na miguu iliyoongezwa ilichongwa bomani.

Wazanaki wa Butiama wana kisa chao kinachofanana. Kwao hapakuwa na mtawala mmoja wa nchi nzima kabla ya wageni. Walikuwapo wenye mvua, wazee na vizazi, kama alivyoeleza kwa kirefu Otto Bischofberger katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya marika ya vizazi ya Wazanaki. Nyerere Burito aliwekwa kuwa mtemi mwaka 1915, wakati wa Wajerumani, akaendelea chini ya Waingereza hadi alipofariki mwaka 1942. Mwanawe Julius, aliyezaliwa mwaka 1922, ndiye aliyekuja kuongoza serikali iliyoufuta utemi nchini mwaka 1963. Nimewahi kuwasikia watu wakishangaa mtoto wa mtemi awezeje kufanya hivyo. Mimi naona mtoto wa Butiama alikuwa na nafasi nzuri kuliko wengi ya kujua umri halisi wa kiti kile.

John Iliffe, katika historia yake ya Tanganyika ya mwaka 1979, alieleza kwamba makabila tuliyoyarithi kama vyombo vya utawala yalijengwa kwa sehemu kubwa katika miaka hii, na kwamba wajenzi walikuwa wa pande mbili, maafisa na Waafrika wenyewe. Nusu ya pili ya hoja hiyo husahauliwa. Wazee walielewa upesi sana kitabu ni nini. Walijua kwamba neno likiingia humo litaamua nani anapokea kodi na shauri la ng'ombe litasikilizwa wapi. Kwa hiyo aliyeitwa kutoa historia hakutoa historia tu, alitoa hoja. Ukoo ulioitwa bomani uliandikwa. Ukoo uliokuwa machungani siku ile haukuandikwa.

Kuna tatizo jingine ambalo mwanahistoria David Henige alilishughulikia katika miaka ya 1970, nalo ni mwangwi. Simulizi ikiandikwa, ikasomwa, ikarudi kijijini kupitia karani au mwalimu wa shule, kizazi kinachofuata huisimulia kama mapokeo. Mtafiti anakuja, anaisikia, anafurahi kwamba mdomo na kitabu vinakubaliana. Kumbe amesikia kitabu kikijijibu chenyewe. Faili la mashine linafanya hivi kwa kasi ya kutisha. Msaidizi anasoma mstari, anapanga nyaraka kwa kuufuata, kisha anaziona nyaraka zilizopangwa hivyo, anahitimisha kwamba mstari umethibitika, na anauandika tena kwa maneno ya uhakika zaidi. Tuliukuta mstari wetu wa Wilaya ya Musoma mahali pengine katika faili lilelile, umeongezewa maneno kwamba umehakikiwa. Na nani? Na yeye mwenyewe.

Je, wakoloni hawakuwahi kukagua kumbukumbu zao? Walifanya hivyo, kwa kuchelewa. Mwaka 1945 Hans Cory, mtu wa asili ya Austria aliyekuwa akiifanyia serikali kazi ya utafiti wa jamii, aliandika ripoti kuhusu mpangilio wa jamii za Musoma kabla ya Wazungu, pamoja na mapendekezo ya namna ya kuutumia mfumo wa koo katika mazingira mapya. Ripoti hiyo iko katika mkusanyiko wake kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Isome kwa kuzingatia tarehe yake. Karibu miaka ishirini baada ya Cameron, serikali inamtuma mtu kwenda kuuliza upya watu hawa walijiendeshaje, huku ikiwa imekwisha kuwaendesha kwa jibu fulani muda wote huo. Huo ni ukaguzi wa afya ya faili, kwa lugha ya leo. Lakini mgonjwa alikuwa ameshakunywa dawa isiyo yake kwa miongo miwili, na watu walikuwa wamezaliwa, wameoa na kushtakiana chini ya majibu yale ya kwanza.

Hapa niingize jambo la pembeni. Wengi hudhani kwamba adui wa kumbukumbu ni kupotea. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma katika Vita vya Kwanza, walifukia majalada yao ardhini huko Tabora, yakafukuliwa baada ya vita. Na mwaka 1973 wataalamu wawili wa nyaraka, Franz na Geissler, walichapisha mwongozo wa hazina hiyo ya Kijerumani iliyoko Dar es Salaam. Mchwa na unyevu vilikula sehemu, lakini jalada lililozikwa halimdanganyi mtu. Linanyamaza tu. Kitabu cha Wilaya hakikuzikwa. Kilikaa juu ya meza na kusomwa kila alipofika mgeni. Ndiyo maana makosa yake yalikuwa na maisha marefu.

Waikizu hawakungoja kusahihishwa na wageni. Wazee wa Mara Kusini waliandika historia zao wenyewe, kwa Kiswahili, katika madaftari na kurasa zilizopigwa taipu. Ya Ikizu na Sizaki iliandikwa na P. M. Mturi na S. Sasora. Jan Bender Shetler, mwanahistoria Mmarekani aliyefanya utafiti wa muda mrefu huko, alizikusanya baadhi ya historia hizo na kuzichapisha mwaka 2003 katika kitabu kimoja, Kiswahili chake kikiwamo, kwa majina ya waandishi wenyewe. Kwangu mimi hili ni tukio kubwa katika historia ya fikra nchini kuliko lilivyosherehekewa. Watu waliowahi kuwa mada ya faili walishika kalamu.

Hata hivyo tusijidanganye. Kitabu cha wazee nacho ni faili. Nacho kina koo zilizosikika sana na zilizosikika kidogo, na sauti ya wanawake humo ni nyembamba, jambo la ajabu kwa nchi ambayo utemi wake unaanza na mwanamke. Tofauti yake na kile cha bomani ni kwamba jirani anaweza kukisoma na kuja kugomba. Kitabu cha Bwana Shauri kiliandikwa kwa Kiingereza na kikakaa ofisini kwake. Mzee wa Nyamuswa mwaka 1930 hakuwa na njia ya kutembea hadi Musoma, kuomba ukurasa unaomhusu, na kuandika pembeni kwamba hapa umekosea.

Neno hilo la afya, ninalolitumia kwa mafaili, lina mizizi mirefu zaidi katika eneo hili kuliko kwenye kompyuta. Miongoni mwa jamii za Mara Kusini na upande wa magharibi wa Serengeti, kizazi kilichopokea madaraka kilikuwa na wajibu wa kuizunguka nchi kwa miguu ili kuiponya. Walitembea mipaka na kupita mahali pa matambiko. Shetler ameeleza jinsi mapokeo ya huko yalivyofungwa katika mahali: kilima fulani, chemchemi fulani, pango fulani. Naona ndani ya desturi ile akili kubwa ya utunzaji wa kumbukumbu. Kizazi hakikukabidhiwa nchi kwa hati ya makabidhiano. Kilikabidhiwa kwa nyayo. Aliyesimuliwa kwamba chemchemi iko mahali fulani aliikuta, au alikuta imekauka, na simulizi ikabidi ijibu.

Mwanafunzi wangu aliposikia habari hizi hakuandika insha. Aliandika programu fupi. Kila Jumatatu inalipitia faili la kumbukumbu na kutoa taarifa: mstari upi hauna tarehe, upi hautaji chanzo, upi unaelekeza kwenye faili ambalo limefutwa au limebadilishwa jina, ipi miwili inapingana. Inapima pia urefu. Hilo la urefu si la mapambo. Utafiti wa Nelson Liu na wenzake wa mwaka 2023 ulionesha kwamba mifumo hii hutumia vizuri zaidi habari iliyo mwanzoni na mwishoni mwa maandishi marefu, na hupoteza iliyo katikati, kwa hiyo faili linalonenepa bila kupunguzwa linamfanya msaidizi awe msahaulifu zaidi huku mwenyewe ukidhani unamkumbusha. Mistari mia nne imekuwa tisini na kitu. Mistari ya zamani hatukuifuta. Tuliihamishia katika faili la pembeni na tarehe zake, kwa sababu siku moja mtu atataka kujua tuliamini nini mwaka huu na kwa nini.

Wakati tukifanya hayo nilijikuta nikifikiria mambo makubwa kuliko orodha yetu. Ofisi zetu za umma zinahamia kwa kasi kwenye mifumo ya kompyuta, na haitachukua muda mrefu kabla afisa wa ardhi au wa ustawi wa jamii hajawa na msaidizi wa aina hii, anayesoma faili kwanza na kumwona mwananchi baadaye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe. Ni sheria nzuri, na mzee wetu wa mwaka 1930 angeifurahia. Lakini ni vigumu kuomba marekebisho ya mstari usiojua kwamba upo. Faili la kumbukumbu la msaidizi si fomu uliyoijaza na kuitia sahihi. Ni maelezo ambayo mashine imejiandikia juu yako: huyu ni mgomvi, kijiji kile kina mgogoro, ukoo ule ndio wenye eneo. Ningependa wabunge wetu, watakapozijadili zana hizi, waulize swali dogo la kikarani: nani analisoma faili hilo mwanzo hadi mwisho, na mara ngapi kwa mwaka? Sisi tulikuwa wawili tu, wasomi, tena wanahistoria, na tulikaa miezi mitatu bila kulifungua.

Wiki iliyopita taarifa ya Jumatatu ilitoa mstari mmoja uliobaki bila chanzo. Unahusu kilima kimoja karibu na Nyamuswa, na unasema kuwa ndio mpaka wa zamani kati ya koo mbili. Nyaraka mbili zinakubaliana, lakini ya pili imenakili ya kwanza neno kwa neno, hivyo ni shahidi mmoja aliyevaa kanzu mbili. Mwanafunzi wangu akampigia simu mjomba wake huko nyumbani. Baada ya salamu ndefu, shikamoo ya kijana na marahaba ya mzee, habari za ng'ombe na za mvua, akamsomea mstari ule. Mzee akanyamaza kidogo, akauliza nani aliyesema hivyo. Kijana akajibu kwamba ni Mzungu mmoja wa zamani. Mzee akauliza Mzungu huyo aliambiwa na nani. Hatukuwa na jibu.

"Basi njooni," akasema. "Mambo ya mpaka hayasemwi kwenye simu. Mje na viatu vya kutembelea, na huyo mwalimu wako umwambie kilima kile kina upande wa pili."

Tunaondoka mitihani ikiisha. Mstari bado umo kwenye faili, ila mbele yake kijana ameandika tarehe ya leo na maneno haya: haujakaguliwa, tunakwenda kuona.